Unasoma kwa Ajili ya Nani? Imam Ghazali na Somo la Tauhidi



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, mhariri aliponiomba niandike makala kuhusu tauhidi nilikubali papo hapo. Nilidhani hilo ni somo nililolimaliza zamani. Nililianza madrasa, kule Buyenzi, nikiwa mtoto mdogo, na Surat Ikhlas niliihifadhi kabla sijajua kuandika jina langu. Lakini nilipokaa kuandika nilikumbuka siku mbili za mwaka wangu wa pili chuo kikuu, na kalamu ikawa nzito. Nitawaeleza siku hizo mbili, kisha nitawasimulia maisha ya mtu aliyenisaidia kuzielewa.

Siku ya kwanza ilikuwa Alhamisi usiku. Baada ya swala ya Isha nilitoa darsa mbele ya wenzangu. Mada ilikuwa tauhidi. Nilieleza kwamba Allah ni Mmoja katika dhati yake, katika sifa zake na katika matendo yake. Kwamba hakuna anayenufaisha wala kudhuru ila kwa idhini yake. Niliwasema wavaa hirizi na wanaokwenda kwa waganga. Nilipomaliza ndugu walinipa mkono mmoja mmoja, na nilirudi chumbani nikiwa na furaha kubwa.

Siku ya pili ilikuwa kesho yake, Ijumaa asubuhi. Orodha ya waliopata ufadhili wa masomo ilibandikwa ukutani. Niliisoma mara tatu kutoka juu hadi chini. Jina langu halikuwamo.

Miguu iliniisha nguvu. Nilimchukia karani niliyedhani ndiye aliyepoteza faili langu. Niliwachukia hata wale ambao majina yao yalikuwamo. Nililala kitandani, na swala ya Ijumaa ikanipita nikiwa nimejifunika shuka, sina homa wala udhuru. Nilimpigia simu mama nikamwambia kila kitu kimekwisha. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikiswali kama mtu anayelipa deni asilolitaka. Mimi yule yule niliyesema usiku wa Alhamisi kwamba hakuna anayenufaisha wala kudhuru ila Allah.

Kaka mmoja wa mwaka wa nne, aliyekuwepo kwenye darsa langu, alikuja kunijulia hali. Hakunihutubia. Aliniachia kitabu kidogo, tafsiri ya Kifaransa ya al-Munqidh min al-Dalal, kitabu ambamo Imam Ghazali anaeleza safari ya maisha yake. Nilikifungua kwa kukosa jambo jingine la kufanya. Sikulala mpaka nilipokimaliza.

Jina lake kamili ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali. Alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058 Miladia, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, sehemu ambayo leo iko kaskazini mashariki mwa Iran, karibu na Mashhad. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa masikini aliyesokota sufi na kuiuza, naye alipenda sana kukaa na wanavyuoni ingawa yeye mwenyewe hakupata elimu. Alipohisi kifo kimekaribia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, ili wasomeshwe.

Akiba ile haikudumu. Ilipokwisha, yule rafiki, ambaye naye hakuwa na kitu, aliwashauri vijana waingie madrasa, kwa sababu wanafunzi wa madrasa walipewa chakula na mahali pa kulala. Basi Ghazali aliingia katika elimu kwa sababu ya njaa. Baadaye maishani alikuwa akikumbuka jambo hilo na kukiri kwamba wao waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kisichokuwa Allah, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine isipokuwa Allah. Ndugu zangu, nani kati yetu hakuja chuo kikuu akiwa na njaa ya namna fulani? Njaa ya kazi, ya mshahara, ya kuitwa daktari au mhandisi. Ghazali hakuwa tofauti na sisi.

Alisoma fiqhi Tus, kisha akasafiri kwenda Jurjan. Inasimuliwa kwamba wakati wa kurudi msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu, pamoja na mfuko wenye madaftari aliyoandika masomo yake yote. Aliwafuata akiwasihi wamrudishie madaftari tu, kwa kuwa ndiyo elimu yake. Mkubwa wa wanyang'anyi alimcheka: itakuwaje mtu adai ana elimu, na akinyang'anywa mfuko anabaki hana kitu? Akamrudishia. Ghazali aliyachukua maneno yale kuwa ni mawaidha aliyoletewa na Allah kupitia ulimi wa mwizi. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi kichwani yote aliyokuwa ameyaandika.

Kisha alikwenda Nishapur kwa mwanachuoni mkubwa wa zama zile, Imamu l-Haramain al-Juwayni, akabobea katika fiqhi ya Shafi, usuli, mantiki na elimu ya kujadili itikadi. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1085, Ghazali alijiunga na kambi ya Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, ambaye barazani kwake wanavyuoni walikuwa wakishindana kwa hoja. Ghazali aliwashinda. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, waziri alimteua kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Hakukuwa na kiti cha ualimu kilichotamaniwa kuliko hicho. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake. Viongozi wa dola walimheshimu, na fatwa zake zilitafutwa.

Huko Baghdad alisoma falsafa peke yake, katika saa alizozipata baada ya kufundisha na kuandika, bila mwalimu. Aliandika kitabu cha kuyaeleza madai ya wanafalsafa, kisha mwaka 1095 akamaliza Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuwajibu. Katika kitabu hicho anajadili masuala 20, na miongoni mwake yamo yanayohusu hasa tauhidi: je, wanafalsafa wameweza kuthibitisha kwamba Mungu ni Mmoja? Je, dunia haina mwanzo kama walivyodai? Je, moto unachoma pamba kwa nguvu yake wenyewe, au uchomaji ni kitendo cha Allah, naye akitaka moto hauchomi? Kwa hiyo kama ni dalili za tauhidi, hapakuwa na mtu Baghdad aliyezijua kumzidi.

Na hapo ndipo yalipomkuta.

Anaeleza mwenyewe kwamba aliitazama nia yake katika ufundishaji, akaona haikuwa safi kwa ajili ya Allah. Kilichomsukuma ni cheo na kutaka sifa yake ienee. Alijiona yuko ukingoni mwa shimo. Siku moja aliazimia kuondoka Baghdad, siku ya pili akaghairi. Asubuhi alitamani Akhera, jioni jeshi la matamanio likamshinda. Hali hiyo ilianza mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria, yaani Julai 1095, ikaendelea karibu miezi sita.

Mwisho ulimi wake ulifungika. Alijaribu kufundisha ili tu kuwafurahisha wanafunzi wake, lakini hakuweza kutamka neno. Huzuni ikaingia moyoni, chakula kikawa hakishuki, mwili ukadhoofika. Matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa umetoka moyoni na kuenea mwilini, na hautatibika mpaka moyo wenyewe utulie. Alipoona hana hila tena alimkimbilia Allah kama mtu aliyekwama asiye na njia, na Allah akamfanyia wepesi wa kuacha cheo, mali na marafiki.

Nilipofika hapo niliweka kitabu kifuani. Mimi niliugua kwa sababu jina langu halikuwa ukutani. Yeye aliugua kwa sababu jina lake lilikuwa kila mahali, na aligundua kwamba moyo wake umelisujudia.

Alitangaza kwamba anakwenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham, maana alichelea khalifa na marafiki wangemzuia. Aligawa mali yake, akabakiza kiasi cha kumtosha yeye na watoto. Ndugu yake Ahmad alishika nafasi yake ya kufundisha. Watu wa Iraq hawakuelewa. Baadhi walidhani anawakimbia watawala. Hapakuwa na aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuacha cheo kama kile kwa sababu ya dini.

Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa mji huo na kujifungia humo mchana kutwa, akiusafisha moyo kwa dhikri. Kisha alikwenda Baitul Muqaddas, akawa anajifungia katika Kuba ya Mwamba. Alizuru kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) huko al-Khalil, na mahali pale aliweka ahadi ya mambo matatu: hatakwenda tena kwenye baraza la mtawala, hatapokea mali ya mtawala, na hataingia katika mijadala ya kushindana. Sidhani kwamba mahali hapo palikuwa pa bahati tu. Ibrahim ni baba wa tauhidi, aliyevunja masanamu ya watu wake. Ghazali alikwenda kwake kuvunja masanamu yake mwenyewe, nayo yalikuwa hayo matatu. Baada ya hapo alihiji.

Katika miaka hiyo aliandika Ihya Ulum al-Din, kitabu chenye vitabu 40 ndani yake, ambacho hadi leo kinasomwa katika darsa za Afrika Mashariki. Wanavyuoni waliokuja baadaye walikikosoa, hasa kwa hadithi dhaifu zilizomo, na al-Hafidh al-Iraqi alifanya kazi kubwa ya kuzichambua hadithi hizo, basi tukisome tukiwa na uchambuzi wake mkononi. Kitabu cha 35 katika Ihya kinahusu tauhidi na tawakkul. Ghazali ameviweka pamoja viwili hivi, na hilo peke yake lilinitosha kuwa jibu. Mimi tauhidi niliiweka kwenye darsa la Alhamisi, na tawakkul sikuwa nimeiweka mahali popote.

Anasema tauhidi ina daraja nne, na anaifananisha na jozi. Sisi ambao jozi ni nadra kwetu tuifikirie nazi. Nje kuna kumbi, ndani ya kumbi kifuu, ndani ya kifuu nyama, na katika nyama yamo mafuta. Kumbi ni tauhidi ya ulimi peke yake, nao moyo umeghafilika au unakataa. Ganda hilo la nje la jozi, anasema, ukilila ni chungu, ukilitia motoni linatoa moshi, na ukiliweka nyumbani linajaza nafasi bure. Faida yake ni kulinda kilichomo kwa muda, kisha linatupwa. Kifuu ni tauhidi ya moyo unaosadiki kile ulimi unachosema, nayo ndiyo itikadi ya Waislamu wengi, na inamwokoa mtu akifa nayo. Nyama ni tauhidi ya mtu anayeona sababu nyingi lakini anaziona zote zinatoka kwa Mmoja. Mafuta ni ya wale ambao nyoyo zao zimezama katika kumshuhudia huyo Mmoja tu, nayo ni daraja ambayo mimi sina haki ya kuizungumzia.

Kisha anatoa mfano wa sisimizi anayetembea juu ya karatasi. Anaona ncha ya kalamu inaitia karatasi weusi, anadhani kalamu ndiyo inayoandika. Jicho lake ni dogo, haliwezi kuinuka hadi kwenye vidole, wala mkono, wala mwenye mkono. Na anatoa mfano wa mtu aliyehukumiwa kuuawa, mfalme akaandika barua ya kumsamehe, naye mtu yule akashughulika kuishukuru karatasi, wino na kalamu, akimsahau aliyeandika.

Ndugu zangu, nilicheka peke yangu usiku ule, kisha nikalia. Nilikuwa sisimizi mbele ya ubao wa matangazo. Nilimchukia karani kama yule mtu alivyoishukuru kalamu. Hirizi sikuwa nimevaa shingoni, lakini karatasi moja iliyobandikwa ukutani niliipa uwezo wa kunitoa kwenye swala ya Ijumaa.

Msidhani Ghazali anatufundisha kukaa bure. Katika kitabu hicho hicho anasema mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, kisha asinyooshe mkono akidai anamtegemea Allah, huyo hana tawakkul bali ana wazimu. Sababu ni desturi aliyoiweka Allah, na kuzishika ni kumtii. Kinachokatazwa ni moyo kutulia juu yake. Jaza fomu ya ufadhili, tena ijaze vizuri na mapema. Soma usiku kwa ajili ya mtihani. Ukiona umedhulumiwa, peleka malalamiko yako kwa utaratibu na adabu. Ila moyo wako usilale kwenye ofisi ya mtu.

Ghazali aliishi mbali na vyeo kwa takriban miaka 11, sehemu kubwa akiwa kwao Tus, ambako wito wa watoto wake ulimrudisha. Mwaka 1106 Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk, alimtaka arudi kufundisha katika Nizamiyya ya Nishapur, akakubali. Wapo waliomwona amerudi alikotoka. Yeye anajibu kwamba hakurudi, hata kama kwa macho anaonekana amerudi. Zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo, na sasa anafundisha elimu ya kuachia cheo. Kazi ni ile ile, na vitabu vilikuwa karibu vile vile. Kilichobadilika ni yule anayefanyiwa kazi.

Hakukaa Nishapur muda mrefu. Alirejea Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa wachamungu kukaa, akagawa saa zake baina ya kusoma Qur'an, kufundisha na kukaa na watu wa moyo. Alipoitwa tena Baghdad alikataa. Na yeye aliyekuwa hoja ya zama zake alikaa chini kama mwanafunzi, akisoma hadithi za Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, fani ambayo alijua kwamba hakuipa haki yake ujanani.

Alifariki Jumatatu tarehe 14 Jumada l-Akhir mwaka 505 Hijria, Desemba 1111, akiwa na umri wa miaka 53. Ndugu yake Ahmad amesimulia kwamba asubuhi ile Abu Hamid alitawadha, akaswali, akaomba aletewe sanda yake. Aliibusu, akaiweka machoni, akasema amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Akanyoosha miguu yake, akaelekea kibla, akafa kabla ya jua kuchomoza. Aliyekimbia mabaraza ya wafalme wa dunia alikwenda kwa huyo Mfalme kwa hiari yake.

Kwa upande wangu, ufadhili sikuupata, mwaka ule wala uliofuata. Mjomba alinipa kazi gerejini kwake kila Jumamosi na wakati wa likizo, na kwa hiyo nitamaliza masomo mwaka mmoja baada ya wenzangu niliokuja nao. Yule karani niliyemchukia nilimwendea kumwomba radhi. Alishangaa, maana hakuwa na habari kwamba kuna mtu anamchukia. Darsa bado natoa. Lakini kila ninapokaa mbele yenu, kabla ya kufungua mdomo, najiuliza ningefurahi vile vile kama mngeondoka wote bila kunipa mkono. Kuna siku jibu ni ndiyo, na kuna siku bado si hivyo.

Mwezi ujao orodha mpya itabandikwa ukutani. Wako ndugu zetu wa mwaka wa kwanza na wa pili ambao usiku wa kuamkia siku hiyo hawatalala. Nawaomba wakubwa tusiwaache peke yao siku ile. Na nawaomba wao, majina yao yawemo au yasiwemo, wakitoka mbele ya ubao waelekee msikitini kwanza. Aliyepata asiishukuru kalamu, na aliyekosa asiilaani.

Allah atujaalie ikhlasi katika elimu yetu, aziokoe nyoyo zetu na riyaa, na atufishe juu ya tauhidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.